Jedwali Nililogawa Granville

Ijumaa ile ya kuniaga mlinipa dakika tano za kusema, na mbili kati ya hizo zilimezwa na maikrofoni iliyokataa kuwaka. Nikawashukuru, nikakata keki, nikarudi nyumbani na maua ambayo mume wangu ameyatia kwenye ndoo ya kudekia, kwa kuwa hatuna chombo kinachoyatosha. Yale niliyokusudia kusema ndiyo haya. Nawaandikia ninyi mliobaki ghorofa ya tatu pale Parramatta, hasa mliokuja miaka ya karibuni, mnaoipokea data ikiwa imekwisha kupangwa kwenye kompyuta, na huenda hamjawahi kusimama mlangoni pa mtu asiyewangojea.

Kwa atakayesoma bila kutujua: kazi yetu ni kuwauliza wanawake na wanaume wa magharibi mwa Sydney maswali yaleyale kuhusu kazi, malezi, afya na usalama, kuyahesabu majibu yao, na kuyatoa hadharani ili wanaopanga huduma wasije wakasema hawakujua nani anabaki nyuma. Nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe. Vyeo sitavieleza. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na mikutano zaidi.

Nilitoka Kitale nikiwa karani wa takwimu, nikaamini kazi naijua. Mume wangu alikuwa anasoma chuo kikuu huku Sydney, mtaa wa Kensington, tukiishi huko kwenye nyumba ya kuchangia na wanafunzi wengine wawili, friji moja, kila rafu na jina lake. Siku ya kwanza ofisini nilivaa suti na viatu vya kamba. Helen, msimamizi wa wahoji wa majumbani, mwanamke mrefu wa maneno machache, alinitazama toka juu hadi chini na macho yake yakatua kwenye viatu. Akanieleza kwamba nyumba nyingi nitakazoingia watu huvua viatu mlangoni, na mhoji anayeinama dakika nzima kufungua kamba amempa mwenye nyumba dakika nzima ya kubadili nia. Jumamosi hiyo nikanunua viatu vya kutumbukiza mguu. Sijavaa vya kamba tangu hapo, hata kwenye harusi.

Vifaa vilikuwa ubao wa kubania karatasi, kitabu kizito cha ramani za mitaa, penseli mbili na kifutio. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino huwatia watu wasiwasi, wanaona kama wanaweka sahihi. Kifaa cha mwisho Helen alinipa kwa mdomo: uliza swali kama lilivyoandikwa, kisha hesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema kitu kingine. Alisema jibu la kweli huja kwenye nne. Nilidhani ananitania. Jaribuni wenyewe.

Kosa langu la kwanza lilitoka kwenye lugha. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nami kwa kuwa nasema Kiswahili nilipewa nyumba za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wenzangu, nikawa natafsiri papo hapo mlangoni. Swali moja nililiuliza hivi: je, unafanya kazi? Mwanamke baada ya mwanamke alinijibu hapana, nami nikaweka alama kwenye hapana. Halafu asubuhi moja, kwenye treni, nikamwona mmoja wao ameketi mbele yangu na sare ya kampuni ya usafi. Nikamuuliza kwa upole imekuwaje. Alinishangaa mimi. Kazi, alinieleza, ni ile ya mume wake ghalani, yenye mkataba na kadi ya kufungulia mlango. Yeye anasaidia-saidia tu. Kusaidia-saidia huko kulikuwa kusafisha ofisi kila siku ya wiki kabla wenye ofisi hawajaingia.

Nikaenda kumwambia Helen kwamba karatasi zangu za mwezi mzima ni za kutupa. Nilitegemea kufukuzwa. Yeye akavuta kiti, akaniomba nimfundishe neno "kazi" linabeba nini na linaacha nini. Tulimaliza siku tukiliandika swali upya: wiki iliyopita ulitoka kwenda kutafuta riziki, hata kwa saa moja? Nikarudi kwenye kila mlango. Wengine walinicheka, mmoja akanipa chai kwa kunihurumia. Na wanawake waliokuwa wamefichwa na neno langu moja wakatokea kwenye jedwali. Hilo lilinipa kiburi kidogo, na kiburi hicho kina sehemu katika haya yanayofuata.

Miaka kadhaa baadaye tulipewa utafiti wa usalama majumbani. Maswali yalikuwa ya vipigo, vitisho, na nani anamzuia nani kutoka. Mwanamke alihojiwa akiwa peke yake. Chini ya fomu yenyewe tulibeba fomu ya pili, ya mabasi na treni, isiyo na madhara yoyote. Mtu akiingia ghafla, unafunua ukurasa na kuanza kuuliza habari za usafiri.

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Aline. Jina hilo si lake. Alilichagua mwenyewe nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, na bintiye akalikubali. Alitoka Bukavu, akapitia kambi ya wakimbizi Uganda, akawa mfanya usafi wa wodi kwenye hospitali moja Westmead. Alikuwa na watoto sita, na nyumba Granville nyuma ya duka la matairi. Nilimkuta akipiga pasi sare za shule. Kabla sijauliza lolote, aliniuliza yeye.

"Haya maneno inaenda wapi?"

Nikamweleza kwamba jina lake halitaandikwa, kwamba majibu yake yatachanganywa na ya wengine, na kitakachotoka ni namba. "Hakuna atakayekuona humo ndani," nikamwambia. Alinitazama kidogo, akakubali.

Aliyonijibu sitayasema. Kwenye swali moja pasi ilisimama, nikahesabu hadi tano, nikapita tano, naye akajibu. Tulikuwa tumebakiza maswali mawili geti lilipolia. Mumewe alikuwa amerudi mapema kutoka ghalani kwa sababu mtambo wa kunyanyulia mizigo umeharibika. Papa Aline alikuwa mtu mkubwa, mwenye adabu, msomaji wa masomo kanisani. Nikafunua ukurasa, nikaanza kumuuliza mkewe habari za basi. Akaketi, akayajibu yeye yote, kwa kirefu, hasa kuhusu basi linalopita kabla ya saa yake. Mama Aline akaendelea kupiga pasi. Papa Aline alinisindikiza hadi getini na kunishukuru kwamba serikali inawauliza watu.

Ripoti ilipotoka, wasemaji wa Kiswahili tulikuwa tumefungiwa kwenye mstari mmoja wa "lugha nyingine za Afrika". Viongozi wa jumuiya walilalamika kwangu, na kwa haki: mnakuja kila mara kuchukua majibu yetu, nasi hatuoni kitu. Nilitaka waone. Helen alikuwa likizo akifanyiwa upasuaji wa goti. Nikakaa mbele ya kompyuta na kuchambua jedwali la peke yetu: wanawake wasemaji wa Kiswahili waliosema wamepigwa au kutishwa, mtaa kwa mtaa, kwa idadi ya watoto. Sheria ya kutotoa visanduku vyenye watu wachache nilikuwa naijua. Nilijiambia hakuna jina lolote hapo. Nikachapa nakala za kutosha ukumbi mzima.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kukodi Granville. Watu walikuwa na sahani za wali na kuku mapajani. Niligawa karatasi, nikaeleza, nikaona wanawake wakiitikia kwa vichwa kwa namna ya watu waliosikilizwa. Nilifurahi mno. Ndipo kiongozi mmoja wa jumuiya, mtu anayependa hesabu na asiye na nia mbaya hata kidogo, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja, akasoma kwa sauti: Granville, Kiswahili, watoto watano au zaidi. Akasema hii namba ni ndogo, na nyumba za namna hiyo hapa tunazijua wote. Akaanza kuzitaja.

Alitaja mbili, akaacha. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Watu wazima wote walikuwa wakiangalia sahani zao. Mama Aline alikuwa safu ya tatu. Mumewe aliichukua karatasi mkononi mwa mkewe taratibu, akaanza kuisoma upya tangu juu.

Nilisimama. Nikasema, "Karatasi hii ina kosa, na kosa ni langu. Naomba mnirudishie zote." Nikapita safu kwa safu nikizikusanya. Papa Aline alinipa yake mwisho, ameikunja mara nne.

Nikiwa kwenye gari nilimpigia Helen, kitandani kwake. Nilimweleza yote bila kupumzika. Nilingoja aniulize kuhusu sheria. Aliuliza jambo moja tu.

"Yule mama yuko salama sasa hivi?"

Nikamwambia sijui.

"Basi anzia hapo. Ofisi itangoja."

Kwenda nyumbani kwake au kumpigia simu kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Asubuhi iliyofuata nikapita ofisini kwanza, nikaifuta safu yote ya wasemaji wa Kiswahili kwenye faili. Kisha nikaenda Westmead, nikakaa karibu na mlango ambao wafanyakazi wa usafi hutokea wakimaliza shifti. Nilikaa saa nyingi. Ilipofika alasiri akatoka, yuko mzima, na mkoba begani. Alinikuta nimeshasimama.

"Dada Judith," akasema, "uliniambia hakuna mtu ataniona."

"Nilikuambia."

"Nimeonekana."

"Ndiyo. Nimekukosea."

Hakusema "si kitu", na namshukuru kwa kutosema hivyo. Tuliketi kwenye benchi. Alinieleza kwamba kwenye gari mumewe alimuuliza aliniambia nini siku ile. Naye akamjibu kwamba siku ile mume mwenyewe alikuwepo, akajibu habari za basi zote, na mke wake alikuwa anapiga pasi. Papa Aline akakumbuka kwamba ni kweli. Akaendesha hadi nyumbani, akala, akasali, akalala. "Lakini ya kesho siijui," akasema. Nilimpa namba ya simu ya mshauri wa huduma ya wanawake, niliyoiandika katikati ya orodha ya mboga na sabuni. Aliisoma mara kadhaa midomo ikicheza hadi akaikariri, kisha akaichana karatasi.

Halafu akaniuliza ile namba yake kwenye jedwali nimeifanya nini. Nikajibu, tena kwa kujitetea, kwamba nimeifuta asubuhi hiyo na hakuna atakayeiona tena. Hapo ndipo alipokasirika. Sikuwa nimemwona akikasirika kabla.

"Kwa nini uifute? Miye nilikupa ile maneno ili ihesabiwe. Niliomba nisionekane. Sikuomba unifute. Ile ni vitu mbili."

Nikamuuliza anataka niifanyeje.

"Unichanganye na wengine," akasema. "Lakini nikuwe ndani."

Nimekaa kwenye mafunzo mengi ya takwimu, baadhi kwenye hoteli zenye kahawa nzuri. Hakuna nilikofundishwa zaidi ya hapo kwenye benchi.

Wiki tatu baadaye Mama Aline aliondoka na watoto wake, mchana, kwa treni, akisaidiwa na mshauri yule. Aliniambia baadaye kwamba kuondoka alikuwa akikufikiria tangu zamani. Jedwali langu lilimnyima tu nafasi ya kuchagua siku. Haikuwa rahisi. Watoto walihama shule katikati ya muhula, baadhi ya waumini walisimama upande wa mumewe, na wengine walinilaumu mimi, nao walikuwa sahihi. Kuna milango Granville ambayo haijanifungukia mpaka leo.

Kazini niliondolewa mitaani karibu mwaka mzima. Nilipanga mafaili chumba kisicho na dirisha. Kikao cha kunihoji kilipofika, Helen aliingia akitembelea magongo, ingawa hakuitwa. Aliwaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyekwenda likizo bila kuniachia mtu wa kusoma kazi yangu mara ya pili, kwa hiyo waandike majina mawili kwenye kosa hilo. Sikumwomba. Baadaye nilipojaribu kumshukuru aliniuliza kama nimekwisha kumaliza mafaili ya herufi M.

Kutoka kwenye mwaka ule ndiko zilikotoka taratibu mnazozilalamikia kila mwisho wa mwezi. Hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kutoa jedwali peke yake. Kisanduku kidogo kinaunganishwa na jirani yake, na jirani wa jirani yake, mpaka hakuna anayeweza kutambulika, lakini hakifutwi. Na ile ya tatu, ambayo wageni hutuuliza tumeitoa wapi: kabla ya kutoa takwimu za jumuiya ndogo, tunawaita watu wa jumuiya hiyo wakae na jedwali na wajitafute; mtu yeyote akionekana humo, linarudi kuunganishwa.

Hiyo ya tatu tulihitaji mtu wa kuianza. Nilikwenda kwa Mama Aline, huko alikohamia, nikitegemea mlango ufungwe usoni mwangu. Alinisikiliza nikiwa nimesimama. Akauliza kama nimekuja na penseli.

Alisoma jedwali jipya kwenye meza ya jikoni, kidole kikishuka polepole. "Huyu namwona," akasema, akaweka alama. "Huyu ni yule mama wa mapacha, namwona." Tuliunganisha, nikarudi, akaona wengine, tukaunganisha tena. Baadaye akaleta wanawake watatu anaowaamini. Kompyuta yetu ilikuwa ghali na haikujua ni nani mwenye watoto sita anayefanya usafi Westmead. Wao walijua. Helen aliwatengenezea biskuti kila kikao, ngumu kama vigae, nao walizila kwa heshima.

Ripoti iliyotoka kwa mikono hiyo ndiyo ya kwanza kuwataja wasemaji wa Kiswahili kwa jina lao. Haikutaja mtaa. Haikuwa na haja. Baada ya muda huduma ya wanawake ya eneo letu ikaajiri mshauri anayesema Kiswahili, ili mtu asilazimike kueleza aibu yake kupitia mtoto wake anayejua Kiingereza. Nilipoulizwa kwenye mkutano kama ni takwimu zilizoleta hilo, nilisema takwimu zilikaa mezani miezi minane mpaka wanawake wanne walipoanza kuhudhuria kila kikao cha baraza wakiwa wamezishika mkononi. Namba haina miguu.

Helen sasa anaishi pwani ya kusini na anafuga kuku. Alinipigia simu siku ya kuagwa kwangu, akaniuliza nimevaa viatu gani. Namshukuru kwa viatu, kwa kuhesabu hadi tano, na kwa jina lake pembeni ya langu pale ambapo hapakuwa na sifa. Nawashukuru wote walionifungulia mlango nikiwa mgeni na wakaniambia ukweli wakiwa na vyungu motoni. Na nawashukuru ninyi, mlionivumilia nikirudisha majedwali yenu mara ya tatu na ya nne.

Wiki yangu ya mwisho tulikuwa na jedwali moja la kukaguliwa, la utafiti mpya wa usalama. Mama Aline alikuwa ameujibu safari hii pia, kwa hiari yake, kuhusu miaka yake yote. Alikuja ofisini akiletwa na Aline mwenyewe, ambaye sasa ni muuguzi na alikuwa ametoka shifti. Mama akavaa miwani, akashusha kidole mstari kwa mstari, hakuharakisha. Alipofika chini akarudia tangu juu.

"Siwaoni," akasema.

Aline, anayekisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimuuliza kama yeye mwenyewe yumo.

"Niko ndani," mama yake akamjibu. "Tafuta."

Aline akaivuta karatasi upande wake. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaisoma tena. Kisha akatikisa kichwa. Mama Aline akavua miwani, akaikunja, akanigeukia.

"Sawa," akasema. "Waweza kuitoa."